Mtoto anatiririka kila kitu alichokariri, lakini hajui mbuyu umepata wapi uzito wake (uzi kwa walimu, wazazi na wanafunzi)

ChakiNyeupe (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu. Nafundisha baiolojia kwenye sekondari moja ya kata huku wilaya ya Bahi, huu ni mwaka wangu wa 11. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu muhula uanze, nimeona nilimwage hapa maana humu kuna walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi wenyewe.

Wiki ya pili niliwauliza kidato cha pili maswali ya mdomo kuona wamebaki na nini kuhusu namna mmea unavyojitengenezea chakula. Binti mmoja wa dawati la mbele akasimama akatiririka. Alitoa maana yote kwa Kiingereza, neno kwa neno kama nilivyoiandika ubaoni, kisha akaja mbele akachora na mlinganyo wa kemikali, mshale na mwanga wa jua juu yake. Darasa likampigia makofi, na mimi nikapiga.

Nje ya dirisha letu kuna mbuyu mkubwa, mpaka watoto saba washikane mikono ndiyo wanauzunguka. Nikamwambia, "Uangalie ule mbuyu. Ulianza kwa mbegu kama hizi mnazomung'unya kwenye ubuyu. Huo uzito wote umetoka wapi?"

Hakusita. "Udongoni, mwalimu."

Nikaligeuzia swali darasa zima, wanafunzi 68. Wote udongoni. Mmoja wa nyuma akaongeza, "Na mbolea." Hewa haikutajwa na mtu hata mmoja, na hewa ukaa (CO2) ilikuwa bado imeandikwa kwa chaki pale ubaoni, mwandiko wa binti mwenyewe haujakauka vumbi.

Swali hili si langu, ni la zamani sana. Jan Baptist van Helmont, daktari wa huko ambako leo ni Ubelgiji, alipanda mche wa ratili 5 (ratili moja ni karibu nusu kilo) kwenye udongo mkavu wa ratili 200 na kwa miaka 5 akaumwagilia maji tu. Alipoung'oa akakuta umefika ratili 169, na udongo ulipokaushwa na kupimwa ulikuwa umepungua aunsi 2 tu, kama gramu 57 hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Mwenyewe aliamini mti wote umetokana na maji. Alikosea nusu: maji yamo, na shina la mbuyu limejaa maji kwelikweli, lakini ukiukausha, sehemu kubwa ya kinachobaki imetokana na hewa ukaa iliyoingia kupitia majani.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Yule binti si mvivu wala si mzito. Alikuwa na mambo mawili kichwani yasiyojuana. Moja ni lile alilokariri kwangu, na analitunza kwa ajili ya pepa. Jingine amelijenga mwenyewe tangu akiwa mdogo, akimuona bibi yake anatupa samadi shambani na mtama unakuwa mzuri: mmea unakula udongo. Nilipouliza kwa lugha ya mtihani likajibu la kwanza. Nilipouliza kuhusu mti anaouona kila siku likajibu la pili, maana hilo ndilo analoliamini.

Jean Piaget, yule Mswisi aliyetumia maisha yake kuangalia watoto wanavyofikiri, alisema mtoto akikutana na jambo jipya hujaribu kwanza kulilazimisha liingie kwenye anachokijua, na likigoma kabisa ndipo anabadilisha anachokijua. Mimi sikuwahi kuligomesha. Nilimpa tu mlinganyo, akautafutia pa kuuweka.

Naomba michango. Wenzangu mnafanyaje?

---

MzeeWaRejista

Kijana wangu, nimesoma mpaka mwisho. Mimi ni mstaafu, nilifundisha shule za msingi Kongwa na Mpwapwa, darasa la tatu na la nne miaka mingi. Uchungu wako nauelewa, lakini nakuomba usiitupe kukariri. Siku hizi naona kila mtu anaisema vibaya. Tebo tulizikariri kila asubuhi kabla ya mstari, saba mara nane hamsini na sita, na mpaka leo mtu niliyemfundisha anapiga hesabu ya magunia sokoni Kibaigwa bila kutoa simu mfukoni.

Halafu tazama ngoma zetu Wagogo. Mtoto wa miaka minane anaimba sauti yake ndani ya kundi lenye sauti tatu nne, hakosei, na daftari hana. Hiyo nayo ni kukariri.

---

ChakiNyeupe

Shikamoo mzee wangu. Uko sahihi, na nilipaswa kulisema hilo mwanzo. Siipingi kukariri.

Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba mtu anaweza kushika kichwani kwa wakati mmoja vitu kama saba hivi. Baadaye, mwaka 2001, Nelson Cowan akaonyesha kwamba ukimzuia mtu asirudierudie wala asiviunge, ni kama vinne tu. Vinne, mzee! Ndiyo maana namba ya simu yenye tarakimu 10 hatuitaji moja moja, tunaikata vipande. Mtoto anayelazimika kuitafuta saba mara nane kwa vidole katikati ya hesabu ndefu, nafasi zake zimeshajaa na hesabu yenyewe imemponyoka. Aliyeikariri tebo anaichukua kama kitu kimoja na akili inabaki na nafasi ya kufikiri. Kwa hiyo tebo umenishinda.

Ila mfano wako wa ngoma una jambo zaidi ya kukariri. Yule mtoto hajifunzi kwa kukaa anautazama wimbo. Anauimba, mbele za watu, akikosea anasahihishwa palepale, na kesho anaimba tena, na wiki ijayo tena. Tena ameusikia tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, kwa hiyo kila sauti mpya inakuta mahali pa kushikia. Darasani sisi tunafanya kinyume: tunaandika ubaoni, ananakili, kengele, mada mpya.

Na kuna suala la lugha ambalo huku kwetu linauma. Mtoto amekua na Kigogo. Darasa la kwanza akapewa Kiswahili. Sayansi ya msingi akaisoma kwa Kiswahili, akaambiwa usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kidato cha kwanza yote yanageuka Kiingereza. Nilimuuliza yule binti, "Hiki ulichoniambia ndicho kile cha usanisinuru, si ndiyo?" Akanitazama kama nimetaja kitu kutoka mbinguni. Alikuwa na vitu viwili! Kimoja cha shule ya msingi, ameshakifunga. Kingine cha sekondari, ameanza upya sifuri. Nafasi zake nne zote zilikuwa zinashughulika na kutamka.

Siku hizi najadiliana nao kwanza kwa Kiswahili mpaka jambo likae, ndipo nawavusha kwenye Kiingereza cha mtihani. Najua wapo watakaosema nakiuka utaratibu.

---

MsuliWaChimwaga

Mwalimu, mimi niko UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwaka wa pili. Umenigusa.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu wa msuli wa usiku. Kahawa, madesa, kalamu ya rangi, napigia mstari karibu kila sentensi mpaka ukurasa unakuwa wa njano. Saa kumi alfajiri najisikia nimeiva. Naingia kwenye pepa, swali naliona kabisa, naikumbuka hata kona ya ukurasa lilipo jibu, na jibu lenyewe haliji. Somo moja nilirudia kwa sababu hiyo, na nyumbani walikuwa wameuza mbuzi kunisaidia.

Aliyenibadilisha ni mwenzangu wa chumba. Yeye akisoma mada anafunga desa, anachukua karatasi tupu, anaandika yote anayokumbuka. Anahangaika, anakuna kichwa. Akimaliza anafungua, anasahihisha kwa rangi nyingine. Nilimwona anapoteza muda. Matokeo yalipotoka nikanyamaza nikaanza kumwiga.

---

ChakiNyeupe

Mdogo wangu, pole kwa hiyo mbuzi, na asante kwa kulisema. Mwenzako wa chumba anafanya jambo lililopimwa vizuri.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani kifungu kifupi wakisome. Kundi moja likakisoma tena. Kundi jingine likafunga na kuandika linachokumbuka, bila hata kuambiwa kama wamepatia. Baada ya dakika 5 waliosoma mara mbili walikuwa mbele, asilimia 81 dhidi ya 75. Hapo ndipo msuli wa usiku unapomdanganya mtu: alfajiri unajisikia umeiva kwa sababu kweli, kwa dakika hizo, umeiva. Walipopimwa wengine baada ya wiki moja, waliosoma mara mbili walibaki na asilimia 42 na walioandika kutoka kichwani 56.

Kusahau kwenyewe si ugonjwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, akachapisha mwaka 1885. Baada ya saa moja alikuwa ameshapoteza zaidi ya nusu, na baada ya siku moja kama theluthi mbili. Lakini zingatia, zilikuwa silabi zisizo na maana yoyote. Ukimpa mtoto mlinganyo asioweza kuufunga kwenye kitu chochote anachokijua, kwake yeye nao ni silabi tu. Utafuata njia hiyohiyo.

Na hata kinachobaki hakibaki kama kilivyoingia. Nilimuuliza binti yule, "Mwaka jana nilifundisha nini hasa?" Akaapa kwamba nilisema udongo ni chakula cha mmea. Sikusema hivyo, nilisema mizizi hunyonya maji na madini. Sikumkasirikia, maana simlaumu. Frederic Bartlett wa Cambridge aliandika kuhusu hilo mwaka 1932: aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, na kila walipoisimulia upya waliibadilisha bila kujua, mitumbwi ikawa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Walikuwa wanaijenga hadithi upya kwa vifaa walivyonavyo nyumbani. Binti wangu naye alijenga somo langu upya kwa samadi ya bibi yake.

---

MkulimaHombolo

Mimi si mwalimu, nalima zabibu. Niseme langu.

Mtoto wangu yuko darasa la sita. Msimu wa zabibu jioni ananisaidia kuuza. Mteja anachukua kilo tatu na nusu, kilo shilingi 3,000, anatoa noti mbili za elfu kumi. Kijana hata hajafunga mfuko ameshasema, "Tatu elfu tisa, nusu elfu na mia tano, jumla kumi na nusu, chenji yako tisa na mia tano." Nimemhesabia mara nyingi, hajawahi kunitia hasara.

Shuleni hesabu anapata 30, 35. Nikaitwa nikaambiwa mtoto wako hisabati hana kichwa. Nilimwandikia nyumbani hesabu ileile, 20,000 toa 3.5 mara 3,000, bila kutaja zabibu. Akaanza kupanga tarakimu, akahamisha nukta, akaniletea jibu kubwa kuliko pesa aliyotoa mteja. Wala hakushtuka. Nilisikitika sana siku ile. Naomba mwalimu unieleze, mtoto ana kichwa au hana?

---

ChakiNyeupe

Kaka, anacho. Tena kizuri.

Mfano wako unafanana mno na watoto wa Recife, Brazil. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha habari za watoto watano waliokuwa wakiuza mitaani. Watafiti waliwaendea kama wateja wa kawaida. Kwenye biashara watoto walipatia maswali 98 kati ya kila 100. Baadaye wakapewa hesabu zilezile kwenye karatasi. Zilizokuwa na maelezo ya hadithi walipatia kama 74 kati ya 100, zilizokuwa tarakimu tupu 37. Mmoja aliulizwa nazi 10 kwa 35 kila moja. Akaenda tatu tatu, 105, 210, 315, akaongeza moja, 350. Hakuna mwalimu aliyemfundisha njia hiyo, na ni njia halali kabisa ya kihisabati.

Mtoto wako naye anagawa tatu na nusu kuwa tatu na nusu yake, anazidisha kila kipande, anajumlisha, kisha anahesabu kupanda mpaka ishirini. Shuleni amepewa njia nyingine bila mtu kumwonyesha kwamba ni jambo lilelile analolifanya jioni. Ndiyo maana hakushtuka alipopata jibu kubwa kuliko pesa. Sokoni angeshtuka, kwa sababu pale namba zina uzito. Kwenye karatasi hazikuwa za mtu yeyote.

Jaribu hivi: akimaliza kuuza, mwambie aandike alivyofikiri, mstari kwa mstari, kwa namna yake. Halafu muiweke na ile ya shuleni kando kando. Mwache atafute mwenyewe nukta ile imekaa wapi kwenye zabibu.

Na aliyekuambia hana kichwa, tumsamehe, ila usimruhusu mtoto alisikie neno hilo.

---

MamaWatatu

Samahani walimu, nauliza. Niko Nkuhungu, nimeishia la saba, nina watoto watatu wanasoma. Wa kwanza yuko kidato cha pili. Vitabu vyao vya Kiingereza siwezi. Sisi wazazi wa hivi tunasaidiaje, au ndiyo tulipie tuisheni tu?

---

ChakiNyeupe

Dada yangu, usiombe samahani. Kutojua jibu kunakusaidia hapa.

Jioni unachambua mchele, muite akae karibu, daftari libaki ndani. Mwambie, "Nieleze leo mmesoma nini, kwa Kiswahili, mimi nielewe." Asipoweza kukuelewesha bado hajajua, na yeye mwenyewe atagundua, wala huna haja ya kumwambia. Akisema neno gumu muulize maana yake. Akisema jambo muulize kwa nini. Akikwama, mruhusu aende akaangalie kwenye daftari, arudi aendelee kutoka kichwani. Usimpe adhabu kwa kukwama, kule kuhangaika kutafuta ndiko kunakokaza.

Kisha muulize jambo lilelile baada ya siku mbili tatu, halafu tena baada ya wiki moja. Atalalamika kwamba mama ulishauliza. Mwambie nimesahau.

Tuisheni ikiwa ni ya kunakili nondo nyingine juu ya zile za shuleni, pesa yako nunua mchele.

---

MzeeWaRejista

Nimeifurahia hiyo ya kumuuliza mama. Niongeze moja, maana naona hamjaitaja na ni ya hapahapa nchini.

Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, akakimbilia kuweka maziwa yake kwenye friza yakiwa bado ya moto ili asikose nafasi, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa, na baadaye, alipofika Mkwawa, Iringa, ikawa dhihaka darasani, kila akikosea wanasema hiyo ni fizikia ya Mpemba. Kijana hakuliachia swali lake. Hapohapo Mkwawa alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akasimama akamuuliza mbele ya wenzake. Wakacheka tena. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina lake.

Nakiri hapa mbele yenu: katika miaka yangu yote, sijui ni maswali mangapi niliyanyamazisha ili nimalize mada kabla ya kengele.

---

ChakiNyeupe

Wakuu, nimerudi kuwapa mrejesho, ni wiki ya tano sasa.

Nimeacha kuanza kipindi kwa kuandika. Dakika tano za mwanzo ni karatasi tupu: andika unachokumbuka cha juzi na cha wiki iliyopita, kisha mpe jirani asahihishe. Hakuna maksi. Siku za kwanza karatasi zilikuwa nyeupe kabisa, na wengine walilia. Sasa zinajaa nusu. Mada zinakwenda polepole kuliko ratiba, na nimeshaitwa ofisini kujieleza kuhusu hilo. Sijui litaishaje.

Kwa mbuyu nilifanya hivi. Sikuwaambia jibu. Niliwasimulia Van Helmont mpaka pale pa kupima udongo, nikanyamaza, nikawauliza umepungua kiasi gani. Wakasema ratili 100, wengine 150. Nilipotaja aunsi 2, sawa na vijiko vichache vya chumvi, darasa likazizima. Kijana wa nyuma, yule wa mbolea, akasema kwa hasira, "Haiwezekani, mwalimu." Hapo nikajua limegoma kuingia. Walibishana kipindi kizima kwa Kiswahili na Kigogo mchanganyiko, mpaka mtu mmoja akaangalia ubaoni akasoma polepole, "Hewa ukaa..."

Jana wakati wa mapumziko yule binti wa dawati la mbele alinifuata chini ya mbuyu. Mti umepukutisha majani yote kama kawaida yake kiangazi.

"Mwalimu, chakula kinatengenezwa kwenye majani. Huu una miezi hauna hata jani moja. Sasa unakula nini?"

Nilichukua kisu kidogo nikakwaruza gamba kidogo tu. Chini yake kulikuwa na kijani kibichi. Akaweka kidole, akanusa, akaenda kuwaita wenzake.